Kompyuta ya kwanza ya gemu: Pesa iende kusikoonekana

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au shuka Luthuli Avenue jijini Nairobi, uulizie kompyuta ya kuchezea gemu kwa bajeti ya mtu wa kawaida. Kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni taa. Kesi ina kioo ubavuni, feni za mbele zinabadilisha rangi kama ukumbi wa harusi, na juu yake imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: Core i7, RAM 16, diski 1000. Muuzaji hajadanganya. Vyote alivyoandika vimo. Tabu ni kwamba hakuna hata kimoja kinachokuambia kama EA Sports FC itacheza bila kukwama, wala kama mashine yenyewe itavuka msimu mmoja wa umeme wa kukatika na kurudi.

Anayejenga kompyuta ya kwanza kwa pesa ndogo mara nyingi haponzwi na udogo wa pesa. Anaponzwa na mahali alipoziweka. Vinavyong'aa na vinavyotamkika haraka dukani hula bajeti yote, halafu vile vinavyoamua gemu icheze vipi, kama kizazi cha prosesa, kumbukumbu ya kadi ya grafiki na ubora wa pawa saplai, vinaachiwa makombo. Ukiwa na shilingi milioni kumi za Tanzania unaweza kukosea na bado ukacheza. Ukiwa na milioni moja na ushee, kila kosa linaonekana kwenye kioo.

Kwanza tuulizane kwa haki: unahitaji kompyuta kweli? Vijana wengi wa mijini walilelewa na vibanda vya PS, wakilipia kwa mechi, na gemu wanayoijua kwa moyo ni mpira. Kwa anayetaka mpira tu, sebuleni, na rafiki pembeni, PlayStation 4 ya mtumba iliyo nzima na pedi mbili bado ni ununuzi wa busara kuliko kompyuta yoyote ya bei hiyo. Kompyuta inapata hoja pale mashine hiyohiyo inapochora AutoCAD ya chuo mchana, ikahariri video za sherehe Jumapili, na usiku ikacheza GTA V. Inapata hoja nyingine kwenye gemu zisizo na kiingilio: Dota 2, Counter-Strike 2, Valorant na Fortnite huchezwa bure. Kumbuka hilo unapopanga bajeti, maana gemu za kununua kwenye Steam huku kwetu hutajwa bei kwa dola.

Gemu kwanza, skrini pili

Kabla hujagusa kifaa chochote, andika gemu tatu utakazocheza kweli, siyo zile unazozitazama YouTube. Valorant na Counter-Strike 2 hubebwa zaidi na prosesa. Zinataka fremu nyingi kwa sekunde, na picha zake si nzito. Gemu za kisasa zenye miji mikubwa, misitu na mvua hubebwa na kadi ya grafiki pamoja na kumbukumbu iliyomo ndani yake. Steam huweka kwa kila gemu jedwali la mahitaji ya chini na mahitaji yanayopendekezwa. Soma la pili. La kwanza ni la kuifungua gemu, halikuahidi raha.

Kisha tazama skrini utakayochomeka. Skrini ya 1920 kwa 1080, inayoitwa Full HD, ina pikseli kama milioni 2.07. Ya 4K ina milioni 8.29, yaani mara nne. Kadi inapaswa kuzipaka pikseli zote hizo upya kwa kila fremu, mara 60 kwa sekunde ikiwa unataka mwendo laini. Sasa nenda sebuleni ukageuze televisheni ya inchi 32 usome kibandiko cha nyuma: nyingi za ukubwa huo ni 1366 kwa 768, pikseli milioni moja na chembe. Kwa skrini hiyo kadi ndogo inatosha kabisa, na muuzaji anayekushauri kadi kubwa bila kukuuliza unachomeka wapi anajali faida yake tu. Ukitumia televisheni, tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu uiwashe. Bila hiyo utabonyeza kupiga shuti na mchezaji atachelewa kuinua mguu.

Ukinunua monita ya mtumba iliyotoka ofisini, angalia matundu ya nyuma. Kadi za miaka ya karibuni zina HDMI na DisplayPort. Monita za zamani zina VGA, lile tundu la bluu lenye skrubu mbili, na hapo itabidi uongeze gharama ya adapta.

Namba inayofuata kistari

Neno i7 limeuza mashine mbovu nyingi kuliko neno lolote katika biashara hii. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ilitoka 2022. Zote zina viini vinne vya kuchakata, lakini i3 hiyo inaiacha i7 mbali, huku ikila umeme pungufu. Wewe usisome herufi na tarakimu ya kwanza. Soma zinazofuata kistari. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10, i3-12100 ni cha 12. Upande wa AMD, Ryzen 5 3600 ni ya 2019 na Ryzen 5 5600 ni ya 2022. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba kamili, aga uondoke.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. F kwenye prosesa za Intel maana yake haina grafiki ndani: bila kadi, skrini itabaki nyeusi. G kwenye Ryzen 5 5600G maana yake grafiki imo ndani, na Ryzen 5 5600 ya kawaida haina. Wapo walionunua mashine yenye F wakipanga kuongeza kadi mwisho wa mwezi, wakajikuta hawawezi hata kufungua barua pepe.

Kwa Intel, mpaka wa kushika leo ni kizazi cha 8. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi mjanja anaweza kuiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma kwenye i5 ya kizazi cha 4. Itawaka na Word itafunguka. Lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, na Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 2025 nayo inadai Secure Boot. Walinzi hao wa gemu za mtandaoni hawabembelezwi na fundi. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 4 na cha 6 zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia sana.

Mashine ya ofisi iliyostaafu

Kwa bajeti ndogo kabisa, njia ninayoipa kura yangu haianzi na kesi tupu. Inaanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ikakaa miaka mitano chini ya meza ya mhasibu, ikapakiwa kwenye kontena na kufika hapa, mara nyingi kupitia Dubai. Nairobi huziita ex-UK. Tafuta Dell OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720, zote za kizazi cha 8, zikiwa na i5-8500 yenye viini sita. Mashine hizi zilijengwa zifanye kazi kutwa nzima bila kulalamika, na zile zilizouzwa kiwandani na Windows Pro huwa na leseni yake ndani ya mazabodi. Ukiweka Windows upya kutoka kwenye tovuti ya Microsoft inajitambua yenyewe, na hapo umeokoa pesa ambayo wengi hawaihesabu.

Ila zina mitego, na yote iko ndani ya bati.

Mtego wa kwanza ni umbo. Ile ndogo inayokaa kiganjani kwa kawaida haina nafasi ya kadi. Iache, hata kama ina i7. Ile nyembamba ya kulala chini ya monita inapokea kadi fupi tu, yenye bati la nyuma la nusu urefu. Ya mnara ndiyo unayoitaka, kwa sababu inaingia kadi ya urefu wa kawaida na hewa inapita vizuri zaidi. Muulize muuzaji akufungulie ubavu. Pima kwa rula kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha kwanza cha mbele, kwa kawaida sanduku la diski, uandike sentimita hizo kwenye simu kabla hujaenda kutafuta kadi.

Wa pili ni umeme. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo, nyingi kati ya wati 180 na 300, na waya zake haziingiliani na zile za kawaida za sokoni. Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, kwa hiyo huwezi kununua tu pawa saplai kubwa mtaa wa pili ukaipachika. Utahitaji adapta maalumu, na kwenye baadhi ya kesi hata skrubu hazitakutana na matundu. Hii ndiyo sababu kadi ya kuweka humo lazima iwe ile isiyotaka waya wa ziada, inayokula umeme kutoka kwenye tundu la mazabodi peke yake. Tundu hilo kwa kanuni hutoa hadi wati 75.

Kadi za aina hiyo si nyingi. GTX 1050 Ti ya 2016 bado inasukuma gemu nyepesi. GTX 1650 ya 2019, zile zilizotengenezwa bila tundu la waya, ni hatua ya wazi mbele. Bora zaidi ni RTX 3050 yenye GB 6, iliyotoka Februari 2024 na kula wati 70. Tena ipo hata ya umbo fupi kwa mashine nyembamba. Jihadhari usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni ya 2022, ina nguvu zaidi, inadai waya, na itaishinda pawa saplai ya ofisi. RX 6400 inaingia kila mahali kwa udogo wake, ila ina njia nne tu za kupitishia data, na kwenye mazabodi za kizazi cha 8 njia hizo ni za aina ya zamani, hivyo inabanwa. RX 6500 XT ina ubano huohuo na juu yake inadai waya. Mimi zote mbili nisingezinunua kwa mashine ya ofisi.

Mashine hiyo, ikipata kadi yake na RAM ya GB 16, itacheza Valorant, Dota 2, Counter-Strike 2, GTA V na mpira kwenye Full HD, ukipunguza mapambo ya picha pale inapobidi. Gemu nzito za mwaka huu zitaisumbua. Anayeahidi zaidi ya hapo anakuuzia ndoto.

Kadi ya mtumba iwashwe mbele yako

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo uliohitaji kadi za grafiki kuchimbwa, na mamilioni ya kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikakosa ajira. Nyingi ziliishia masoko ya mtumba duniani, na RX 580 ndizo utakazokutana nazo zaidi. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kinachochoka ni feni na pasta ya joto, vitu vinavyobadilishika. Hofu zangu ni mbili nyingine.

Ya kwanza ni jina. RX 580 halisi ya GB 8 ina vitengo 2304 vya kuchakata. Ipo nyingine inaitwa RX 580 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la China, ambayo kwa vitengo vyake ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kaka yake. Inacheza, ila isiuzwe kwa bei ya kaka. Vilevile RX 580 inakula wati 185 na inadai waya. Usiipeleke karibu na mashine ya ofisi.

Ya pili ni kughushi. Kwa miaka kadhaa wapo wanaochukua kadi za zamani sana, kama GTX 550 Ti, wakabadilisha programu yake ya ndani ili ikiwashwa ijitaje GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, jina linatokea, bei inapanda. Dalili mojawapo iko nyuma ya kadi: kizazi cha GTX 10 kiliacha kutoa picha za analogi, hivyo ukiona kadi inayojiita 1050 Ti ina tundu la bluu la VGA, rudisha mkono mfukoni. Uthibitisho wa haraka ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Weka kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Ikiitambua kadi bandia ya Nvidia, huandika FAKE mbele ya jina.

Kadi ikipita hapo, iombee nusu saa ya kazi ngumu dukani. Pachika, washa FurMark au gemu yoyote nzito, na usimame hapo. Sikiliza feni kama zinakwaruza. Angalia kioo kama kinatoa vidoti vya rangi, mistari au kung'aa ghafla. Hizo ni dalili za kumbukumbu iliyochoka, na hakuna fundi wa bei rahisi atakayeiponya. Angalia joto. Likipanda hadi nyuzi 90 na kuendelea, kadi inahitaji kufunguliwa na kupakwa pasta mpya, na gharama hiyo iwe hoja ya kupunguziwa bei. Muuzaji akisema hana umeme wa kujaribia, mwambie utarudi umeme ukirudi.

Kitu kisichotajwa kwenye tangazo

Soma tangazo lolote la kompyuta ya gemu: pawa saplai haitajwi, au imeandikwa wati 500 tu. Ichomoe uisome ubavuni. Kuna jedwali dogo lenye safu ya +12V na ampea zake, na hiyo ndiyo safu inayolisha prosesa na kadi. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai ya mitaani iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ikawa na ampea 18 kwenye safu hiyo, inatoa wati 216 za kazi. Nyingine iliyoandikwa wati 450 tu, yenye ampea 36, inatoa wati 432. Ya pili ni ghali zaidi, nzito zaidi mkononi, na kwa kawaida ina alama ya 80 Plus. Nunua hiyo, hata ikibidi uache kesi ya kioo na feni zote za rangi.

Hapa ndipo mashine ya Dar es Salaam au Kisumu inapotofautiana na ile ya kwenye video za Marekani. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240, unakatika, na ukirudi hurudi kwa kishindo. Pawa saplai za bei ya chini huwa na swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Iangalie kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, kwa sababu ikiwa kwenye 115 itapasuka kwa mlio mmoja, na siku mbaya itaondoka na mazabodi. Tumia kifaa cha ulinzi kinachochelewesha umeme ukirudi, kama vile kile cha friji, na ukiweza weka UPS. Haikupi saa nzima ya kucheza, inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Ukiweka UPS, ijaribu pamoja na mashine ikiwa inacheza gemu, kwani baadhi ya UPS za bei nafuu hazipatani na pawa saplai nzuri za kisasa na huzima papo hapo umeme unapokatika.

Jambo jingine dogo ambalo mafundi hulijua na wateja hulipuuza: plagi ya pini mbili iliyosukumwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kalamu haina waya wa ardhini. Ukigusa bati la kesi peku utasikia vidole vinawashwa. Huo ni umeme unaovuja kutoka kwenye pawa saplai na kukosa pa kwenda. Badilisha waya uwe wa pini tatu, na hakikisha nyumba yenyewe ina ardhi.

Kuhusu bili, mashine ya wati 250 ikicheza saa nne inakula uniti moja. Kucheza kila siku ni uniti 30 kwa mwezi. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75, kijana mmoja na kompyuta yake wamekula theluthi na zaidi. Prosesa na kadi za wati ndogo zina faida isiyoonekana dukani. Inaonekana kwenye mita ya LUKU.

Ukijenga kutoka sifuri

Mwenye pesa kidogo zaidi na hamu ya kufunga mwenyewe anaweza kununua vipande. Gawa bajeti ya kesi na vilivyomo hivi: katika kila shilingi kumi, nne ziende kwenye kadi, tatu kwenye prosesa na mazabodi, tatu zilizobaki zigawanywe kwa RAM, SSD, pawa saplai na kesi. Kesi ichukue fungu la mwisho, na iwe na uso wa matundu mbele badala ya kioo. Joto la pwani halihitaji msaada wa kioo.

Kwa fungu la prosesa, chaguo mbili bado zina mantiki. Intel i3-12100F, au i5-12400F yenye viini sita, kwenye mazabodi ya H610 inayotumia DDR4. Au Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450 au B550. Soketi ya AMD iliyo kwenye mazabodi hizo, AM4, imekuwapo tangu 2016, hivyo mtumba wake ni mwingi na siku moja unaweza kupandisha prosesa bila kugusa mazabodi. Tahadhari moja: B450 ya zamani isiyosasishwa BIOS, yaani programu yake ya ndani, haitaiwasha 5600. Muulize muuzaji, na akisema imesasishwa, aiwashe uone. Soketi iliyoifuata, AM5, ni nzuri, lakini inapokea DDR5 peke yake, na kwa bajeti ya kwanza sioni sababu.

Kwa kadi, RX 6600 ya GB 8 iliyotoka Oktoba 2021 ndiyo ninayoiona ya haki zaidi kwa Full HD. Inakula wati 132, na pawa saplai halisi ya wati 450 inaibeba bila jasho. Intel Arc B580 ya Desemba 2024, yenye GB 12 na bei ya kuanzia ya dola 249 huko Marekani, inavutia kwenye karatasi. Lakini kadi za Arc zinahitaji mazabodi yenye Resizable BAR, na zinapenda prosesa ya kisasa. Usiiweke kwenye mashine kongwe. Kadi ya GB 4 mpya, kwa gemu za leo, sikushauri.

Kama kadi haifikiki leo, anza na Ryzen 5 5600G. Itacheza Valorant na Dota 2 kwa picha za chini, na kadi itafuata. Grafiki yake inakopa RAM ya mashine, kwa hiyo RAM iwe vipande viwili vya GB 8, kamwe isiwe kimoja cha GB 16. Vipande viwili hufanya kazi sambamba na tofauti inaonekana kwa macho. Kwenye mazabodi yenye matundu manne viweke la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, kisha ingia BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM uliyoilipia mwendo wa 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 maisha yake yote.

RAM yenyewe imekuwa habari. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei zake zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinanunua chipu kwa wingi. Desemba mwaka huo Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida. Hapo mashine ya ofisi inazidi kupata hoja, maana mara nyingi inakuja na RAM yake. Usikubali muuzaji aichomoe na kukuuzia kando.

SSD ya GB 500 ni kiwango cha chini. Gemu kubwa moja inaweza kumeza GB 100. Diski ngumu ya zamani ibaki kwa filamu na picha. Na kabla hujachoma bando la mwezi kwa gemu moja, tafuta rafiki mwenye nayo: tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu bila kuyashusha upya.

Kufunga vipande ni kazi ya jioni moja na bisibisi moja ya msalaba, na video za kuelekeza zimejaa. Gusa bati kabla ya kugusa chipu. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, ziweke bila kusukuma. Ukimaliza, waya wa monita uende kwenye kadi, usiende kwenye mazabodi. Wengi wamelalamika kwamba kadi mpya haina nguvu, kumbe haikuwahi kutumika.

Na kabla hujatoka dukani, dai risiti, na mwambie muuzaji aandike juu yake namba ya pekee ya kadi, ya pawa saplai na siku za waranti. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haitakusaidia siku utakayorudi umebeba kadi mkononi.